Kusimamisha Tovuti ya Django kwenye Seva: Mwongozo Kamili kwa Wajenzi wa Tovuti wa Lubumbashi

Mwongozo huu unaanzia kwenye seva tupu ya Ubuntu na kufika kwenye tovuti ya Django (kiunzi cha kujengea tovuti kwa lugha ya Python) inayofunguka kwa anwani ya https, inayojiwasha yenyewe kila mashine inapozimika, na yenye nakala za akiba unazoweza kuzitegemea. Nimewaandikia wajenzi wa tovuti wa Lubumbashi, ambao umeme hukatika wakiwa katikati ya kazi na ambao hununua megabaiti kwa kuhesabu. Hali hizo mbili hubadilisha mambo mengi ambayo miongozo ya kawaida huyapita haraka, kwa hiyo kila hatua hapa imepangwa ili iweze kukatizwa na kuendelezwa baadaye bila kuharibu kilichokwisha kufanyika.

Tuchukue mfano wa tovuti ndogo inayoonyesha bei ya mfuko wa unga wa mahindi, ule wa kusongea bukari, katika soko la Kenya, la Katuba na la Mzee Kabila, kwa faranga na kwa dola. Mradi tutauita `bei`. Django inaifaa kazi ya namna hii. Ilizaliwa katika gazeti la mji wa Lawrence, jimbo la Kansas nchini Marekani, ikatolewa kwa umma mwaka 2005, na ilipewa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt, mzaliwa wa Ubelgiji. Asili hiyo ya gazetini bado inaonekana, kwani kiunzi hiki huja na ukurasa wa usimamizi uliokamilika, hata mtu anayezunguka sokoni anaweza kuingiza bei za asubuhi bila kusubiri atengenezewe fomu. Tutatumia toleo la 5.2, lililotoka Aprili 2025 na litakalopata marekebisho ya usalama hadi Aprili 2028, juu ya Ubuntu 24.04 ambayo tayari ina Python 3.12.

Kuchagua seva

Seva isikae nyumbani wala ofisini kwako. Mbali na umeme, mitandao ya simu kwa kawaida huwapa wateja wengi anwani moja ya nje, kwa hiyo mgeni aliye mbali hana njia ya kuifikia mashine yako. Kodisha seva yenye kumbukumbu ya gigabaiti 1 na kichakataji kimoja. Kwa tovuti ya mfano wetu inatosha. Kabla ya kulipa, pima kwa amri ya `ping` anwani za majaribio ambazo watoa huduma wengi huzitangaza, kwa mfano ya Johannesburg na ya Paris, na upime jioni, wakati mtandao umelemewa. Angalia muda wa kujibu na pia idadi ya vifurushi vilivyopotea. Usiamini ramani peke yake, kwa sababu nyaya hazipiti njia fupi kila mara.

Kukodisha seva kuna faida nyingine isiyotajwa sana: programu zote tutakazopakua zitapita kwenye mtandao wa kituo cha data, si kwenye kifurushi chako. Kwako hupita herufi za terminali tu, ambazo ni kidogo sana.

Kuingia kwa mara ya kwanza

Tengeneza funguo za `ssh`, programu ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali, kwenye kompyuta yako, kisha weka ufunguo wa umma, yaani faili lenye mwisho wa `.pub`, kwenye ukurasa wa mtoa huduma unapoagiza seva.

```
ssh-keygen -t ed25519
ssh root@ANWANI_YA_SEVA
adduser fundi
usermod -aG sudo fundi
rsync --archive --chown=fundi:fundi ~/.ssh /home/fundi
```

Hapa pana mtego unaowahusu watumiaji wa Kongo hasa. Kibodi zetu nyingi ni za Kifaransa, za mpangilio wa AZERTY, ilhali terminali ya dharura inayofunguka ndani ya kivinjari kwenye ukurasa wa mtoa huduma mara nyingi huchukulia kwamba kibodi ni QWERTY. Nenosiri lenye `a`, `q`, `z`, `w`, `m` au tarakimu litaandikika vingine bila wewe kuona, na utadhani umelisahau. Ukiingia kwa `ssh` tatizo hilo halipo. Kwa ajili ya dharura, mpe `fundi` nenosiri refu lililoundwa kwa herufi zinazokaa mahali pamoja katika kibodi zote mbili, kama vile `e`, `r`, `t`, `o`, `p`, `s`, `d`, `k` na `l`.

Sasa funga mlango wa manenosiri kwa watu wa nje. Usibadilishe faili kuu la mipangilio. Unda dogo jipya:

```
echo "PasswordAuthentication no" | sudo tee /etc/ssh/sshd_config.d/10-funguo.conf
sudo systemctl restart ssh
```

Namba 10 ina kazi. Programu ya ssh hushika thamani ya kwanza inayoikuta, na seva nyingi za kukodi zina faili linaloanza na 50 ambalo huruhusu manenosiri; la kwetu lazima lisomwe kabla ya hilo. Usiifunge terminali uliyomo hadi ufungue nyingine na kuhakikisha kwamba `ssh fundi@ANWANI_YA_SEVA` inaingia.

Baada ya hapo, kila unapoingia kama `fundi`, amri yako ya kwanza iwe hii:

```
tmux new -A -s kazi
```

Naihesabu hatua hii kuwa ya lazima. `tmux` huishikilia kazi yako upande wa seva. Umeme ukikatika Ruashi wakati seva inasakinisha PostgreSQL, programu ya hifadhidata, usakinishaji huendelea, na ukirudi ukaandika amri ileile utakuta dirisha lako kama ulivyoliacha. Bila `tmux`, muunganisho ukifa amri iliyokuwa ikiendeshwa huuawa pamoja nao. Ikiwa hilo limekwisha kukukuta na `apt`, programu ya kusakinisha, inakataa kuendelea, `sudo dpkg --configure -a` humalizia kilichobaki nusu.

Kuiandaa mashine

```
sudo apt update && sudo apt upgrade
sudo apt install python3-venv postgresql nginx git certbot python3-certbot-nginx
sudo timedatectl set-timezone Africa/Lubumbashi
sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow 'Nginx Full'
sudo ufw enable
```

Mpangilio wa amri za `ufw` usigeuzwe: ukiwasha ukuta wa kinga kabla ya kuiruhusu OpenSSH, utajifungia nje. Kuhusu saa, watu wengi huchagua `Africa/Kinshasa` kwa sababu ndilo jina la kwanza la Kongo wanaloliona, na matokeo yake ni kwamba bei iliyoingizwa saa tatu asubuhi inaandikwa saa mbili. Lubumbashi, Goma na Bukavu zote ziko saa mbili mbele ya saa ya dunia, ilhali Kinshasa iko saa moja mbele.

Gigabaiti 1 ya kumbukumbu hujaa upesi, kwa hiyo ongeza eneo la akiba kwenye diski:

```
sudo fallocate -l 2G /swapfile
sudo chmod 600 /swapfile
sudo mkswap /swapfile
sudo swapon /swapfile
echo '/swapfile none swap sw 0 0' | sudo tee -a /etc/fstab
```

Hifadhidata

```
sudo -u postgres createuser fundi
sudo -u postgres createdb -O fundi bei
```

Mistari hiyo miwili inatosha, na hakuna nenosiri lolote la hifadhidata la kuficha. PostgreSQL kwenye Ubuntu humtambua mtumiaji wa mfumo mwenye jina sawa na la mtumiaji wa hifadhidata anapoingia kutoka ndani ya seva yenyewe. Alama ya `-O` ndiyo inayomfanya `fundi` kuwa mwenye hifadhidata. Tangu toleo la 15, mtumiaji wa kawaida haruhusiwi tena kuunda majedwali katika eneo la `public`, na anayefuata maelekezo ya zamani hukwama kwenye `migrate`, amri ya Django inayounda majedwali, akiambiwa hana ruhusa.

Kusakinisha Django

Msimbo tutauweka ndani ya `/srv`. Ubuntu ya siku hizi huzuia saraka ya nyumbani ya mtumiaji isisomwe na watumiaji wengine, kwa hiyo ukiweka mradi ndani ya `/home/fundi`, Nginx, programu itakayowapokea wageni wa tovuti, haitaweza kusoma picha na faili za mitindo, na wageni wataona kurasa zisizo na rangi wala mpangilio.

```
sudo mkdir /srv/bei
sudo chown fundi:www-data /srv/bei
cd /srv/bei
python3 -m venv venv
. venv/bin/activate
pip install "Django~=5.2.0" gunicorn "psycopg[binary]"
mkdir programu media nakala
django-admin startproject tovuti programu
```

Ikiwa msimbo wako tayari unahifadhiwa kwa git, uvute ndani ya `programu` badala ya kuendesha mstari wa mwisho. Mazingira pepe ya `venv` hayaepukiki: Ubuntu 24.04 huikataza `pip` kusakinisha chochote nje yake, ili isivuruge Python inayotumiwa na mfumo wenyewe. Maneno `~=5.2.0` huruhusu marekebisho ya 5.2 tu na huzuia kurukia toleo jingine bila kukusudia.

Ufunguo wa siri wa Django usikae ndani ya msimbo. Utengenezee faili lake:

```
echo "DJANGO_SECRET_KEY=$(python3 -c 'import secrets; print(secrets.token_urlsafe(50))')" | sudo tee /etc/bei.env > /dev/null
sudo chown root:fundi /etc/bei.env
sudo chmod 640 /etc/bei.env
```

Kisha fungua `programu/tovuti/settings.py`, na uweke au ubadilishe mistari ifuatayo:

```
import os

SECRET_KEY = os.environ["DJANGO_SECRET_KEY"]
DEBUG = False
ALLOWED_HOSTS = ["tovutiyako.cd", "www.tovutiyako.cd"]
SECURE_PROXY_SSL_HEADER = ("HTTP_X_FORWARDED_PROTO", "https")
SESSION_COOKIE_SECURE = True
CSRF_COOKIE_SECURE = True

DATABASES = {
    "default": {"ENGINE": "django.db.backends.postgresql", "NAME": "bei"}
}

LANGUAGE_CODE = "sw"
TIME_ZONE = "Africa/Lubumbashi"

STATIC_URL = "/static/"
STATIC_ROOT = BASE_DIR.parent / "static"
MEDIA_URL = "/media/"
MEDIA_ROOT = BASE_DIR.parent / "media"
STORAGES = {
    "default": {"BACKEND": "django.core.files.storage.FileSystemStorage"},
    "staticfiles": {"BACKEND": "django.contrib.staticfiles.storage.ManifestStaticFilesStorage"},
}
```

Weka jina lako la kikoa mahali pa `tovutiyako.cd`. `DEBUG` ikibaki `True` kwenye seva iliyo wazi, kosa lolote litamwonyesha mgeni njia za mafaili, vipande vya msimbo na sehemu kubwa ya mipangilio yako. Katika mambo yote ya faili hili, hilo ndilo lisilovumilika. Mstari wa `SECURE_PROXY_SSL_HEADER` huijulisha Django kwamba mgeni alikuja kwa https ingawa ombi limepitia Nginx. Ukiusahau, kurasa zitafunguka vizuri, lakini kila fomu itakayotumwa itakataliwa kwa kosa la 403, na utatafuta sababu mahali ambapo haipo.

Kwa `LANGUAGE_CODE = "sw"` ukurasa wa usimamizi huonekana kwa Kiswahili, na maneno ambayo hayajatafsiriwa hubaki kwa Kiingereza. Ikiwa watakaoingiza bei wamezoea Kifaransa cha ofisini, weka `"fr"`. Wanaoutumia ukurasa huo kila siku ndio wanaofaa kuchagua.

Pakia ufunguo katika terminali, kisha ujaze hifadhidata na kukusanya faili za mitindo:

```
set -a; . /etc/bei.env; set +a
cd /srv/bei/programu
python manage.py migrate
python manage.py collectstatic
python manage.py createsuperuser
python manage.py check --deploy
```

Amri ya mwisho hutoa maonyo ya usalama. Yasome yote, lakini onyo la HSTS (mpangilio unaokilazimisha kivinjari kutumia https peke yake) liache hadi https iwe imefanya kazi kwa wiki kadhaa, maana mpangilio huo hukaa ndani ya vivinjari vya wageni na hauondoki upesi.

Gunicorn chini ya uangalizi wa mfumo

Gunicorn ndiyo inayoendesha msimbo wa Django. Haitakiwi kuwashwa kwa mkono. Kazi hiyo ni ya systemd, ambayo huianzisha Gunicorn kila seva inapowaka na kuifufua inapoanguka. Unda `/etc/systemd/system/bei.service`:

```
[Unit]
Description=Tovuti ya bei za unga
After=network.target postgresql.service

[Service]
User=fundi
Group=www-data
WorkingDirectory=/srv/bei/programu
EnvironmentFile=/etc/bei.env
RuntimeDirectory=bei
ExecStart=/srv/bei/venv/bin/gunicorn --workers 3 --bind unix:/run/bei/bei.sock tovuti.wsgi:application
Restart=always
RestartSec=3

[Install]
WantedBy=multi-user.target
```

Kanuni ya watengenezaji wa Gunicorn kuhusu idadi ya wafanyakazi, yaani michakato inayojibu maombi, ni kuzidisha idadi ya vichakataji kwa mbili na kuongeza moja. Kwa kichakataji kimoja tunapata wafanyakazi 3. Washa huduma na uijaribu kabla ya kugusa Nginx:

```
sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now bei
curl -I --unix-socket /run/bei/bei.sock -H "Host: tovutiyako.cd" http://localhost/admin/login/
```

Jibu la 200 linaonyesha kwamba Gunicorn na Django zinaelewana. Jibu la 400 humaanisha kwamba jina la kikoa halimo katika `ALLOWED_HOSTS`. Ikiwa soketi, yaani faili la `/run/bei/bei.sock`, haipo kabisa, `sudo journalctl -u bei -n 50` itaonyesha kosa lenyewe, na mara nyingi ni jina la faili lililokosewa.

Nginx na wageni wenye mtandao wa polepole

Wapo wanaouliza kwa nini Gunicorn isiwapokee wageni moja kwa moja. Mfanyakazi wa Gunicorn hushughulikia ombi moja kwa wakati, na hawezi kuliacha hadi jibu limalize kupokelewa. Mteja mwenye simu iliyoshika mtandao wa 2G kando ya barabara ya Kasumbalesa anaweza kuchukua sekunde nyingi kupokea ukurasa mmoja. Wateja watatu wa namna hiyo wakija pamoja, wafanyakazi wote watatu wameshikwa na tovuti imesimama kwa kila mtu. Nginx huchukua jibu lote kutoka Gunicorn papo hapo, humwachia mfanyakazi aendelee na ombi jingine, kisha humlisha mteja yule kwa mwendo wa mtandao wake. Kwa tovuti yenye wasomaji wa simu katika Katanga yote, hii ndiyo sababu kubwa ya kuwa na Nginx.

Andika `/etc/nginx/sites-available/bei`:

```
server {
    listen 80;
    listen [::]:80;
    server_name tovutiyako.cd www.tovutiyako.cd;
    client_max_body_size 8m;
    gzip_types text/css text/javascript application/javascript application/json image/svg+xml;

    location /static/ {
        alias /srv/bei/static/;
        expires max;
    }
    location /media/ {
        alias /srv/bei/media/;
    }
    location / {
        proxy_pass http://unix:/run/bei/bei.sock;
        proxy_set_header Host $host;
        proxy_set_header X-Forwarded-Proto $scheme;
        proxy_set_header X-Forwarded-For $proxy_add_x_forwarded_for;
    }
}
```

```
sudo ln -s /etc/nginx/sites-available/bei /etc/nginx/sites-enabled/
sudo nginx -t && sudo systemctl reload nginx
```

Mistari miwili humo huokoa fedha za wasomaji wako. Nginx ya Ubuntu hubana kurasa za HTML peke yake hadi uitajie aina nyingine kwa `gzip_types`. Nayo `expires max` huiambia simu ihifadhi faili za mitindo na isizipakue tena. Hakuna hatari ya kubaki na za zamani, kwa sababu mpangilio wa `ManifestStaticFilesStorage` tulioweka hubadilisha jina la faili kila yaliyomo yanapobadilika. Bila `client_max_body_size`, Nginx hukataa chochote kinachozidi megabaiti 1, na picha ya kawaida ya simu huzidi hapo.

Kivinjari kikionyesha kosa la 502, Nginx iko hai lakini haiifikii Gunicorn. Rudi kwenye `journalctl`. Kosa la 413 ni la ukubwa wa faili lililotumwa.

Cheti cha https

Elekeza kwanza majina yote mawili ya kikoa kwenye anwani ya seva, kisha uhakikishe kwa `dig +short tovutiyako.cd` kwamba anwani sahihi inajibu. Usikimbilie kuomba cheti kabla ya hapo, kwani Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti hivi, huweka kikomo cha majaribio yanayoshindwa na inaweza kukusubirisha.

```
sudo certbot --nginx -d tovutiyako.cd -d www.tovutiyako.cd
sudo certbot renew --dry-run
```

Cheti hudumu siku 90 na hujihuisha chenyewe. Amri ya pili huthibitisha kwamba kuhuisha huko kutafanikiwa wakati wake ukifika.

Sasa iwashe seva upya kwa `sudo reboot`, subiri dakika mbili, na ufungue tovuti kwa simu bila kuingia kwenye seva kufanya lolote. Ikifunguka, huduma zote zinajiwasha zenyewe. Isipofunguka, ni afadhali kulijua leo ukiwa mezani kuliko usiku mtaa wote ukiwa gizani.

Nakala za akiba na mabadiliko ya baadaye

Endesha `crontab -e` ukiwa `fundi` na uongeze mstari huu, unaotengeneza nakala kila usiku saa nane na robo:

```
15 2 * * * pg_dump -Fc bei > /srv/bei/nakala/bei-$(date +\%F).dump
```

Mkwaju ulio kabla ya alama ya asilimia hauachwi. Ndani ya crontab alama hiyo ikiwa peke yake huikata amri katikati, na utapata siku nyingi zisizo na nakala hata moja. Nakala zinazokaa kwenye seva ileile hazikulindi na kupotea kwa seva, kwa hiyo zilete kwenye kompyuta yako mara kwa mara:

```
rsync -t --partial --progress fundi@ANWANI_YA_SEVA:/srv/bei/nakala/*.dump ~/nakala/
```

`--partial` huhifadhi sehemu iliyokwisha kufika mtandao ukikatika, na mafaili ambayo tayari unayo hayapakuliwi tena. Baada ya wiki moja, jaribu kurudisha nakala mojawapo kwenye hifadhidata ya majaribio, ukibadilisha tarehe iliyo kwenye jina la faili:

```
sudo -u postgres createdb -O fundi jaribio
pg_restore --no-owner -d jaribio /srv/bei/nakala/bei-2026-01-15.dump
```

Unapobadilisha msimbo, ingia kwenye `tmux`, washa `venv`, pakia `/etc/bei.env` kama awali, kisha fuata mpangilio huu:

```
cd /srv/bei/programu
git pull
pg_dump -Fc bei > /srv/bei/nakala/kabla-ya-badiliko.dump
python manage.py migrate
python manage.py collectstatic --noinput
sudo systemctl restart bei
```

Nakala hutangulia `migrate`, kwa sababu kutoka hapo muundo wa majedwali hubadilika, na kurudi nyuma bila nakala ni kazi ngumu. Kwenye PostgreSQL kila faili la `migrate` kwa kawaida hutekelezwa lote au halitekelezwi kabisa, kwa hiyo hata seva ikizimika katikati, amri hiyo inaweza kurudiwa bila kuacha majedwali nusu.

Baada ya kuwasha upya, acha `sudo journalctl -u bei -f` ikiwa wazi kwa dakika chache huku ukifungua kurasa kuu na kuingiza bei moja ya majaribio.